Maswali ya Maziwa

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Namelok alisafisha vibuyu vya maziwa. Alichukua kijiti cha mzeituni mwitu chenye kaa jekundu nchani, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akasugua na kuzungusha mpaka moshi ukajaa, kisha akakung'uta majivu nje. Bibi yake, Noonkipa, alinusa kila kibuyu kabla ya kuruhusu mtu akamue. Kama harufu ya moshi haijakolea, alikirudisha, na Namelok alianza upya.

Asubuhi hiyo bibi alikirudisha kibuyu kile kile mara mbili, kwa sababu macho ya Namelok yalikuwa kwenye mlango wa nyumba. Mama yake, Naserian, hakuwa ametoka kukamua. Alikuwa amelala ndani, amejifunika mashuka mazito, anatetemeka wakati wenzake wanajipepea kwa joto. Homa ile ilikuwa na tabia yake. Ilikuja, ikakaa, ikaondoka. Na pale watu wa boma walipoanza kuisahau, ikarudi tena pamoja na maumivu ya mgongo na magoti. Katika zahanati walikuwa wamempima malaria, na malaria haikuonekana.

"Nenda shule," Noonkipa alimwambia mjukuu wake kwa Kimaasai. "Kumkodolea macho hakumponyi."

Namelok akaenda, lakini miguu tu ndiyo iliyokwenda.

Walikaa Kisiwani, kwenye tambarare ya Same, chini ya Milima ya Upare. Upande wa mlimani palikuwa na mashamba ya mpunga na mahindi. Upande wa nyika palikuwa na maboma ya wafugaji. Shule ilikuwa kati, na watoto wa pande zote mbili walibanana kwenye madawati yale yale. Namelok alikuwa darasa la saba. Kiswahili chake kilisifiwa hata na walimu, na wazee wa bomani walimwita kila walipopata mgeni asiyejua Kimaasai.

Siku hiyo mwalimu Gideoni alifundisha magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa binadamu. Aliandika ubaoni kwamba maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Hakumtazama mtu yeyote. Lakini Reginald, aliyekaa nyuma ya Namelok, aliegemea mbele.

"Eti Namelok," alisema kwa mnong'ono ambao darasa zima liliusikia, "nyie kwenye kunywa mnapanga foleni na ndama, au ndama anawapisha?"

Darasa likacheka. Mwalimu alimtoa Reginald akasimame nje, lakini kicheko kilikuwa kimeshafika. Namelok aliinamia daftari lake mpaka kengele ikalia. Mwili ulikuwa unamwasha kama aliyelalia upupu.

Jumamosi, pikipiki iliingia bomani. Iliendeshwa na Simon, mtaalamu wa mifugo wa kijiji, na nyuma yake alikaa msichana mrefu aliyevaa kofia pana na kubeba mfuko mgongoni. Kabla hawajamaliza kushuka, mtu akaja mbio kutoka boma la jirani. Ng'ombe alikuwa anazaa, na ndama alikuwa amekaa vibaya.

"Dada Dina, siwezi kuacha hili," Simon alisema huku akikunja mikono ya shati. "Lakini yupo Namelok, atakutafsiria. Kiswahili chake kinakishinda hata cha diwani. Anzeni, nitawakuta."

Dina alimkaribia Noonkipa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

Neno hilo Noonkipa alilijua. "Marahaba," akajibu. Kiswahili chake kilichobaki kilikuwa cha mnadani: mbuzi, chumvi, bei, punguza. Aliwakaribisha kivulini kwa mkono, akamtazama Namelok. "Muulize anataka nini, na kwao ni wapi."

Dina alieleza kwamba alizaliwa Kighare, huko juu milimani, na sasa alikuwa anasoma chuo kikuu. Alikuwa anafanya utafiti wa homa ya kutupa mimba, ugonjwa unaowafanya mbuzi na ng'ombe kuharibu mimba, na ambao unaweza kumwingia binadamu ukamsumbua kwa miezi. "Sikuja kukagua usafi wa mtu," alisema. "Nataka kujua watu wanaishije na mifugo yao, ili tujue homa inapitia wapi. Mwambie bibi kwamba hakuna jibu zuri wala baya."

Namelok alitafsiri hayo vizuri, isipokuwa sentensi ya mwisho, ambayo hakuisikia. Alikuwa ameshaona mdomo wa Dina ukielekea kwenye neno analoliogopa.

"Muulize bibi, maziwa mnayakunywaje hapa nyumbani?"

Noonkipa alicheka swali lilipomfikia. "Yanavyotoka kwa ng'ombe, ndivyo tunavyokunywa. Maziwa ya kuchemsha yana ladha ya sufuria. Mimi nimeyanywa hivi tangu sijaota meno, na sasa meno yanaondoka, bado nayanywa. Mwambie."

Namelok alimgeukia Dina. Alimwona Reginald pale pale, kana kwamba ameketi kwenye kigoda kingine.

"Anasema tunachemsha," alisema.

"Kila siku?"

Namelok akamgeukia bibi, akamuuliza kama mvua ya mwaka huu imetosha. Noonkipa alishangaa kidogo, akajibu kwamba mvua ilikuwa ya kuloweka vumbi tu. "Kila siku," Namelok alimwambia Dina. "Mpaka yapande."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri, na hilo lenyewe lilimtia baridi. Dina aliendelea. Je, kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni? Noonkipa alieleza kwa kirefu. Mbuzi wawili walitupa mimba wakati wa kiangazi, na Naserian ndiye aliyewahudumia na kuondoa uchafu kwa mikono yake, na tangu wakati huo mwili wake haujatulia. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Mwambie kwamba mama yako amelala ndani, anaumwa. Ndiyo maana nimekubali kukaa na kuulizwa maziwa kama mtoto."

Namelok alipiga hesabu. Akisema mbuzi na homa, Dina ataingia ndani, atamhoji mama, na mama anajua Kiswahili kiasi. Atasema maziwa tunakunywa mabichi. Uongo wa kwanza utaonekana.

"Anasema mbuzi wako salama," alisema taratibu. "Mama amepumzika, alichoka na kazi."

Dina aliandika. Alifunga kalamu, akatabasamu. "Mpe bibi hongera. Nyumba kama hii tumezikuta chache. Vipimo vya damu nilivyobeba havitoshi kila mtu, kwa hiyo tunaanza na nyumba wanamokunywa maziwa mabichi na wenye homa. Nyinyi hatutawasumbua."

"Amesemaje?" Noonkipa aliuliza.

"Anasema asante."

Noonkipa alimtazama mgeni akisimama, akipangusa sketi, akielekea boma la jirani alikokuwa Simon. "Na damu ya Naserian? Nilisikia kwenye boma la akina Sindato walimtoboa mama wa nyumba siku hiyo hiyo."

"Watarudi, koko," Namelok alimjibu bibi yake.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alimwamini. Namelok aliingia zizini akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Tangu hapo hakupata pa kukaa. Akikaa, anasimama. Akienda kuchota maji, anarudi na ndoo nusu. Shuleni mwalimu Gideoni alimwita jina, akajibu swali la jana. Wakati wa mapumziko wenzake walicheza rede, naye alizunguka uwanja kama mtu aliyeangusha kitu. Bomani kila pikipiki iliponguruma barabarani, Noonkipa aliinua kichwa.

"Siyo hao," bibi alisema, akarudi kwenye shanga zake.

Na Naserian alizidi. Jumatano alishindwa kusimama bila kushika ukuta. Alimwita Namelok aje amkande magoti kwa maji ya moto.

"Mbona unayamwaga maji ovyo?" mama aliuliza. "Mwenye homa ni mimi."

"Ni ya moto, yeyo," Namelok alimjibu mama yake.

"Ulizungumza vizuri na wale wageni? Bibi yako anakusifu. Anasema ulikuwa unayatoa maneno bila kukwama."

Namelok aliendelea kukanda. Alitaka kusema. Akachovya tena kitambaa kwenye maji.

Siku iliyofuata, wakati wa kutoka shule, Reginald alimfuata njiani. Hakuwa na utani. "Mama wa akina Sindato ameanza dawa," alisema. "Nimemsikia baba. Wamemkuta na ile homa ya mbuzi. Wale watafiti wamemaliza, kesho kutwa wanaondoka Same."

Namelok hakumuaga. Alikata kona ya josho, akapita katikati ya mbuzi wa watu, mpaka nyumbani kwa Simon. Alimkuta amechuchumaa anasafisha bomba la kunyunyizia dawa ya kupe. Namelok aliinamisha kichwa ili aguswe kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, na Simon alimgusa utosini kwa kiganja chenye harufu ya dawa.

"Mbona unahema hivyo? Kuna mnyama ameanguka?"

"Mjomba, ni mimi."

Alimweleza yote. Alianza na utani wa Reginald kuhusu ndama, akaja kwenye swali la kwanza, kisha la mbuzi, kisha la mama, na alipofika kwenye mvua alianza kulia. Simon hakumkatiza. Alimaliza kusuuza bomba, akaliegemeza ukutani.

"Ningekuwepo pale haya yasingetokea," alisema. "Nilikuacha na mzigo usio wako. Hilo ni langu, nami nitalisema. Lakini maneno yalipita mdomoni kwako." Alitoa simu, akatafuta jina, akampa. "Mimi nimepiga. Kusema utasema wewe."

Simu ililia kwa muda. Namelok alitamani isipokelewe, na wakati huo huo aliogopa isipokelewe.

"Ndiyo, Simon," sauti ya Dina ilisema.

"Shikamoo dada. Siyo Simon. Ni Namelok, wa kwa bibi Noonkipa." Alivuta pumzi. "Hatuchemshi maziwa. Bibi alisema hivyo, mimi nikasema vingine. Na mbuzi walitupa mimba. Na mama anaumwa sana, anaumwa zamani."

Alisikia gari likipita huko aliko Dina, na mtu akiuza karanga.

"Mama yako ana homa inayokwenda na kurudi?"

"Ndiyo."

"Na viungo?"

"Hawezi kusimama."

"Mpe Simon simu."

Ni hayo tu. Hakugomba wala hakusema asante. Simon aliongea akitembea, akaenda mbali, akarudi. "Anakuja kesho asubuhi. Alikuwa ameshafunga mizigo." Alimtazama Namelok. "Lakini nyumbani utakwenda kusema leo. Sitaki bibi yako alisikie hili kutoka kwangu."

Jua lilikuwa bado juu ya nyika Namelok alipopiga magoti mbele ya Noonkipa na kusimulia. Bibi aliweka shanga chini moja moja, kama mtu anayejizuia kufanya haraka.

"Kwa hiyo yule msichana hakunisikia mimi," alisema hatimaye.

"Hapana, koko."

"Nilikaa pale nikamwambia maneno yangu, wewe ukampa yako. Na ya kwake ukanipa yako pia." Alimwinua kidevu. "Ulinionea aibu?"

Namelok alitaka kukataa, lakini aliona amechoka kukataa. "Nilionea aibu maziwa."

"Maziwa ni mimi. Ni mama yako. Ni wewe ulivyo na mifupa hiyo." Hakupaza sauti, na Namelok alitamani angepaza. "Nenda kamwambie Naserian. Mwambie kwamba wale watu walikuwa hatua chache kutoka kitandani kwake, na ni kwa nini hawakuingia."

Kumwambia mama kulikuwa kugumu kuliko vyote. Naserian alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Kisha alinyoosha mkono nje ya shuka, akamshika binti yake kifundo cha mkono, akakaa hivyo, mkono wake ukichoma kama chungu kilichotoka motoni.

Asubuhi Dina alifika na Simon. Hakuanza na mgonjwa. Alikaa mbele ya Noonkipa kama mgeni mpya, akauliza tena kila swali, na safari hii Simon alitafsiri. Noonkipa alijibu yote, akaongeza na meno yake, na Dina alicheka, jambo ambalo siku ile Namelok alikuwa amemnyima. Ndipo wakaingia ndani. Damu ya Naserian ilichukuliwa, Simon akawapima mbuzi, na kabla ya saa sita Naserian alikuwa ndani ya gari la kukodi kuelekea hospitali Same, Dina akiwa naye.

Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Yonathani, mdogo wake Namelok, aliuliza kila alipoamka kama mama amefika. Namelok alimwachia bibi amjibu.

Majibu yalikuja kwa simu ya Simon: ilikuwa homa ile ile ya kutupa mimba. Daktari alisema imechelewa kujulikana, lakini inatibika. Naserian atameza dawa kwa wiki nyingi bila kuruka hata siku moja. Mbuzi waliokutwa na ugonjwa walitengwa na kuondolewa, na Simon aliwafundisha watu wa boma kuvaa glavu wanapomhudumia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba.

Kuhusu kuchemsha, Noonkipa alibishana. Alionja maziwa ya kwanza yaliyochemshwa, akatema pembeni. "Haya yamekufa," alisema. Simon alikuna kichwa. Naserian, aliyekuwa amerudi akiwa amekonda lakini anatembea, ndiye aliyesema wayachemshe, wayaache yapoe, kisha wayatie kwenye kibuyu kilichopitishwa moshi. Noonkipa alionja tena. Hakutema. "Yanavumilika," alisema, na watu wa boma walijua kwamba mjadala umekwisha.

Shuleni, mwalimu Gideoni alimwomba Namelok aeleze darasa kilichotokea, kama anataka. Alisimama. Alisema nyumbani kwao walikuwa wanakunywa maziwa mabichi, mama yake aliugua, na yeye alimdanganya mtafiti kwa kuogopa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Reginald aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Mwalimu, na mtindi je?" aliuliza. "Bibi yangu anagandisha maziwa bila kuyachemsha. Ndiyo tunayokunywa nyumbani."

"Basi na nyinyi ndama anawapisha," mtu alisema nyuma, na safari hii Reginald ndiye aliyeinama. Mwalimu alimjibu kwamba kugandisha peke yake hakutoshi. Jioni ile Reginald alionekana akimsubiri Simon barabarani kuomba ng'ombe wao akapimwe.

Miezi kadhaa baadaye Dina alirudi Kisiwani kuwasomea wanakijiji aliyoyapata. Baada ya mkutano alipita bomani pamoja na Simon. Naserian alikuwa anakamua, amechuchumaa bila kushika popote. Namelok alileta kigoda, akabaki amesimama.

"Dada Dina, ulinikasirikia siku ile kwenye simu?"

"Nilijikasirikia mimi kwanza," Dina alisema. "Sikupaswa kumpa mtoto maswali ya ugonjwa wa mama yake mwenyewe. Siku hizi nikikosa mkalimani mtu mzima, nageuza narudi kesho. Lakini nawe nataka ujue ulichotaka kunifanyia. Mimi sijui Kimaasai. Sikuwa na macho mengine isipokuwa mdomo wako. Ningeandika kwamba nyumba hii inachemsha maziwa na haina mgonjwa. Mkubwa mmoja huko ofisini angesoma, akasema Kisiwani hakuna tatizo, dawa na elimu zipelekwe kwingine. Na mama yako angegundulika baadaye, ningesema nyumba inayochemsha nayo imeugua, kwa hiyo kuchemsha hakusaidii. Watu nisiowajua wangeumia kwa neno lako moja. Utafiti ni kuuliza na kuaminiana. Ukiharibu jibu, hesabu zote zinazofuata zinaharibika, hata zikipigwa na bingwa."

Simon alitafsiri hayo kwa Noonkipa, neno kwa neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mjukuu wake karibu.

"Mwambie mgeni hili, na umpe kama lilivyo," alisema. "Mwambie kwamba mtoto wetu alificha aibu, na alipoificha akamficha na mgonjwa. Aibu ya kuchekwa inapita jioni ile ile. Mama angepita, asingerudi. Mwambie kwamba ukweli aliousema kwenye simu ulikuwa mchungu, lakini ndio uliomtoa Naserian kitandani. Na wewe mwenyewe usikie wakati unausema."

Namelok alimgeukia Dina. Alianza na neno la kwanza la bibi, akaendelea na la pili, sauti ikimkwama kwenye aibu, ikakwama tena kwenye mama, na kila ilipokwama alingoja, akaendelea, mpaka maneno yote ya Noonkipa yakawa yamefika.